Picha ya mteja ukurasani: ridhaa iko wapi?

Msusi akimaliza rasta, humgeuza mteja kwenye mwanga wa mlangoni na kupiga picha mbili tatu. Mteja hajafika kituo cha daladala, picha iko Instagram tayari, na namba ya saluni chini yake. Hakuna aliyeomba ruhusa, wala aliyekataa.

Wenye saluni, mafundi cherehani na wapambaji wana hoja nzito. Hawana pesa ya kulipa wanamitindo. Picha za kuokota mitandaoni zinajulikana siku hizi, na ukurasa ukinaswa nazo unaitwa wa matapeli. Mteja halisi, mbele ya kioo kilekile ambacho wengine wamewahi kukaa mbele yake, ndiye ushahidi wa kazi. Ukimkataza msusi kuposti wateja kabisa, umemfungia biashara.

Lakini sheria nayo imeshaanza kuuma. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Mwenye kibanda anaweza kudhani hayo ni ya wakubwa. Ni kweli kwamba biashara nyingi zenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hazilazimiki kujisajili kwa Kamishna, ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihusu vilevile. Kuthibitisha kwamba mteja aliridhia ni kazi ya mwenye biashara, na mteja anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Hata faini isingekuwapo, ningebaki upande wa mteja. Tunasema "alinyamaza, kwa hiyo alikubali", na hapo tunajidanganya. Mtu aliyekaa kitini saa tano, kichwa kikiwa mikononi mwako, anaona haya kukukatalia. Fikiria mama wa Mombasa au Unguja anayevua hijabu ndani ya saluni tu kwa sababu wote waliomo ni wanawake. Picha yake ikitoka, imeonwa na wanaume asiowajua, na kuifuta baadaye hakurudishi kitu. Huyo hatalalamika kwenye maoni. Hatarudi, na atawaambia dada zake.

Zipo pia skrinishoti za M-Pesa, zinazowekwa ili kuonyesha kwamba watu wananunua: jina kamili la mteja, kiasi alicholipa, pengine na namba yake. Hapa sioni utetezi wowote. Jina na namba vinafutika kwa kidole, na ushahidi wa malipo unabaki palepale.

Wanaosema kuomba ruhusa kunapoteza picha nzuri hawakosei. Bibi harusi uliyempamba kuliko wote anaweza kukataa, na kazi ile haitaonekana. Hiyo ni hasara ya kweli, na nadhani inabidi ibebwe. Wengi lakini hawakatai wakiulizwa vizuri. Mtumie picha yenyewe kwa WhatsApp, umwandikie: "Dada, naomba niiweke hii ukurasani. Uso uonekane au niukate?" Akijibu "kata uso", umepata picha na umepata ushahidi wa maandishi. Rasta zenyewe, tukisema ukweli, zinaonekana vizuri zaidi kwa nyuma.

Ugumu huja pale mteja aliyeridhia anaporudi baada ya miezi kuomba picha ifutwe, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote ukurasani. Nimesikia wenye biashara wakijibu kwamba alishakubali. Sheria ya Kenya haiwaungi mkono, na mimi pia siwaungi mkono: ifutwe siku hiyohiyo, Instagram na Facebook.