Nani aamue maendeleo ya vijiji vya Wamaya?

Kuhusu vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala huko Amerika ya Kati, vilivyo milimani, mabishano hayaishi. Wapo wanaosema bila fedha na wataalamu wa nje umaskini hautaondoka. Wengine wanataka wanavijiji waachiwe waamue wenyewe. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, ila kuna mahali naachana nao.

Nguvu ya hoja yao inaonekana mkoani Totonicapán, kwa Wak'iche', mojawapo ya jamii za Wamaya. Huko kuna mamlaka ya kimila iitwayo Kantoni 48. Viongozi huchaguliwa na jamii zao, hutumikia mwaka mmoja, na hawalipwi hata senti. Fundi cherehani anaacha kazi yake, mkulima anapunguza shamba, zamu ikimfikia. Kuna wanaolinda msitu, wanaosimamia maji, wanaopatanisha majirani waliogombania mpaka. Watu wa kawaida nao hupanda mlimani kusafisha chemchemi na kukagua mabomba, kama msaragambo wetu, na anayekwepa anaweza kukatiwa maji. Msitu wao wa jamii ni miongoni mwa iliyotunzwa vizuri zaidi nchini humo. Oktoba 2023, mamlaka hiyohiyo ilikuwa mstari wa mbele kufunga barabara kuu kutetea matokeo ya uchaguzi wa rais uliompa ushindi Bernardo Arévalo. Mradi wa wafadhili wa miaka mitatu haujengi nguvu ya namna hiyo.

Tena wana sababu ya kuogopa maendeleo yanayoletwa. Bwawa la umeme la Chixoy lilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika. Wamaya Achi wa Río Negro, kijiji ambacho kingefunikwa na maji ya bwawa hilo, walikataa kuhama. Machi 1982, askari na wanamgambo waliua wanawake na watoto wapatao 177 wa kijiji hicho. Serikali ilikuja kukubali mpango wa fidia mwaka 2014.

Lakini msaragambo hauajiri muuguzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014–2015 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Guatemala walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa watoto wa jamii za asili ni takriban 58 kwa mia. Aibu hiyo haiondolewi kwa majembe ya kujitolea. Isitoshe, mwaka bila kipato humuumiza zaidi asiye na akiba. Mwanakijiji aliyehamia Marekani anaweza kumlipa mtu amshikie zamu. Jirani yake asiye na ndugu ughaibuni hana njia hiyo. Na kwa muda mrefu nafasi za juu zimeshikwa zaidi na wanaume.

Hapo ndipo ninapotengana na wanaosifu kujitegemea bila kikomo. Sifa hizo huipa serikali kisingizio cha kukaa mbali: wenyewe wanajiweza, tuwaache. Mtoto aliyedumaa anahitaji kituo cha afya chenye dawa na mhudumu anayeongea K'iche' na mama yake, na huyo alipwe kwa kodi. Msitu na maji vibaki mikononi mwa wanaovilinda.

Sheria ya mwaka 2002 iliunda mabaraza ya maendeleo hadi ngazi ya kijiji. Baraza la kijiji linapendekeza barabara au bomba, kisha pendekezo linapanda ngazi hadi kwa wanaoshika bajeti. Mageuzi yaanzie hapo, kwa kukipa kijiji sauti katika kugawa fedha zenyewe.