Zamu kwa zamu: maziwa yanakubali, mfongo unagoma

Mnunuzi wa maziwa pale Moshi ana matangi mawili ya kupozea na wafugaji 40 waliotawanyika Kibosho na Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Matangi yakae wapi, na nani apeleke maziwa tangi lipi, ili jumla ya mwendo wao iwe ndogo? Mgawanyo wa watu peke yake una njia zaidi ya trilioni moja, kwa hiyo kujaribu kila njia ni kujichosha bure.

Wengi hukimbilia zamu. Weka matangi popote, kila mfugaji aende la karibu. Kisha shikilia mgawanyo huo na usogeze kila tangi mahali panapopunguza mwendo wa watu wake. Rudia mpaka pasiwe na kinachopungua. Stuart Lloyd wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliandika hesabu ya aina hii mwaka 1957, ingawa ilikuja kuchapishwa 1982. Utamu wake ni kwamba kila swali likibaki peke yake ni jepesi, na jumla ya mwendo haipandi kamwe.

Wanaoipinga wana mchoro wao. Wafugaji wawili wako mgongo mmoja wa mlima, mmoja juu na mwenzake chini, wameachana kilomita 6. Wawili wengine wako mgongo wa pili, sambamba nao, kilomita 2 ng'ambo. Anza na tangi katikati ya kila mgongo: kila mtu anatembea kilomita 3, jumla 12. Hakuna mfugaji mwenye sababu ya kuhama, wala tangi halina pa kusogea likapunguza jumla. Zamu imekwama. Kumbe tangi moja lingehudumia wawili wa juu na lingine wawili wa chini, jumla ingekuwa kilomita 4.

Hoja hiyo hainitishi sana. Unaanza upya kutoka sehemu nyingi, unachukua jibu bora. Isitoshe, anayeijua Kibosho ataguna: kati ya migongo hiyo kuna korongo! Kilomita 2 za karatasini zinaweza kuwa safari ya kushuka mbali kutafuta daraja na kupanda tena. Basi lile jibu "baya" la 12 huenda ndilo la kweli, na tulichokosea ni kipimo cha umbali.

Kinachonitisha ni mfongo, ule mfereji wa Wachagga. Vitongoji viwili vinagawana saa 12 za maji. Cha juu kina 9, cha chini kina 3 na mahindi yake yanakauka. Tunataka mavuno ya jumla yapande. Shikilia saa za juu: cha chini hakiwezi kuzidi 3. Shikilia za chini: cha juu hakiwezi kuongeza, na kupunguza zake peke yake ni kupoteza mavuno tu. Kuanza upya hakusaidii, maana kila mgao unaomaliza saa 12 unakwama vilevile. Mtafiti wa kompyuta John Platt alikutana na kizuizi cha namna hii alipokuwa akifunza programu za kuainisha data. Mwaka 1998 akapendekeza kusogeza namba mbili kwa pamoja, kwa kuwa sharti moja lilizifunga zote.

Kwa hiyo ugomvi wa "zamu ni nzuri au mbaya" naona unapiga pembeni. Swali ni umekata makundi wapi: nini unakishikilia na nini unakisogeza. Tangi na mfugaji hawagombanii kitu kimoja, ndiyo maana mmoja anaweza kutulia mwenzake akisogea. Maziwa ningeyapangia kwa zamu hata kesho. Saa za mfongo ningezihamisha kwa jozi: saa moja itoke juu, iingie chini, tupime, tuhamishe nyingine.