Arosto ikiisha mwilini, panya bado hayuko sawa

Kwenye baraza za Ngamiani, hapa Tanga, aliyeacha unga, yaani heroini, huonewa huruma kwa muda mfupi. Akitetemeka, akitapika, akiharisha, watu husema ni arosto, mvumilieni. Siku zikipita na bado kajikunyata chumbani, hataki kula wala kuongea, maneno hubadilika: anadeka huyo, mvivu tu.

Jambo linalofanana na hilo limeonekana kwa panya wa maabara. Ukiwapa mofini, dawa ya jamii moja na heroini, siku kadhaa kisha ukawanyima, kuharisha na kutetemeka huisha mapema. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wiki nne baadaye panya hao walikuwa wanajitenga na wenzao, na mfumo wa serotonini, kemikali inayohusika na hisia, ubongoni mwao haukuwa sawa. Fluoksetini, dawa ya wagonjwa wa sonona (huzuni iliyo ugonjwa), ilisaidia kuzuia hali hiyo. Na panya, tukumbuke, haoni haya, hadaiwi kodi, wala hajaiba simu ya shangazi yake. Ugumu wa maisha peke yake hauelezi hali ile.

Ila sonona ya panya hupimwaje? Kipimo maarufu ni cha mtafiti Porsolt, cha mwaka 1977: panya hutumbukizwa kwenye chombo cha maji asichoweza kutoka. Akiacha kupiga miguu na kuelea tu, huhesabiwa kuwa amekata tamaa. Nani kasema? Mvuvi aliyepinduliwa na dau naye huelea ili atunze nguvu. Tena panya aliyeharisha na kukonda huenda ametulia kwa udhaifu tu. Uingereza ilitangaza mwaka 2024 kuwa inalenga kulikomesha jaribio hilo.

Mimi matokeo ya siku za mwanzo siyaamini sana. Ya wiki za baadaye, hasa yale ya kujitenga, nayapa uzito: hapo udhaifu wa mwili umeshapita.

Hata hivyo tusiyapeleke yasikohusika. Anayekunywa dozi yake ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, kila siku pale hospitali ya Bombo hajanyimwa kitu ghafla. Dawa hiyo hushika ubongoni vipokezi, yaani sehemu za kupokelea dawa, vilevile vinavyoshikwa na heroini. Panya wa Ufaransa anafanana zaidi na kijana aliyefungiwa chumbani na nduguze aache bila dawa yoyote, kisha mwezi uliofuata wakaanza kumwuliza kwa nini hatafuti kazi.