Skii Zina Breki

Mtu anayeishi Johannesburg na anayetaka watoto wake waone theluji bila kuuza gari hana njia nyingi. Ulaya ni nauli za ndege kabla hujanunua hata glavu moja, ilhali Lesotho ni safari ya barabara ya saa tano hivi, fedha yake ya loti ina thamani sawa na randi, na randi yenyewe inapokelewa madukani bila mabishano. Kituo cha skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni ili kuteleza kwenye theluji, kiko kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na njia ya mlimani ya Mahlasela, kwenye mwinuko unaozidi mita 3,000, na msimu wake ni kuanzia Juni hadi Agosti. Watu hujazana huko wakati wa likizo za shule na mwishoni mwa wiki, kwa hiyo nilichagua katikati ya wiki, mwezi Agosti, shule zikiwa zimefunguliwa. Barua niliyoiandikia shule ya watoto wangu ilikuwa fupi na yenye heshima, na yaliyomo ni siri kati yangu na mwalimu mkuu.

Matumizi niliyabana kila palipobanika. Tulibeba chakula chetu, tukapanga nyumba ya kujipikia, na badala ya kukodi suruali ya theluji nilivaa suruali yangu ya mvua ya nailoni, ile ninayoivaa ninapoosha gari. Mke wangu aliitazama, akanyamaza. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Machame kututembelea, naye aliitazama, akasema tu, "Baba Neema, inang'aa."

Mama huyu amezaliwa na kukulia kwenye shamba la migomba na kahawa chini ya Kilimanjaro, na kila asubuhi isiyo na mawingu ameitazama theluji ya Kibo akiwa na ndoo mkononi. Hajawahi kuigusa, wala hajawahi kuona sababu ya kuifuata. Tulipovuka mpaka pale Caledonspoort, tukaipita Butha-Buthe na kuanza kupanda kona za Moteng, ambako barabara hufika mita 2,820 na gari letu lilikuwa likihema kuliko sisi, aliuvuta mtandio wake juu ya koti na kuuliza iwapo wenyeji nao hulipa ili wateleze. Nje, wachungaji wa Kisotho waliojifunga mablanketi mazito ya sufu walikuwa juu ya farasi wao, wakiwatazama kondoo, bila dalili yoyote ya kutaka kuteleza.

"Hawa wana akili," alisema mama.

Watoto nilikuwa nimewaahidi dunia nyeupe. Tulichokikuta ni milima ya kahawia, yenye nyasi zilizokauka hadi upeo wa macho, na katikati yake ukanda mmoja mweupe ulioshuka hadi mlangoni pa mgahawa. Theluji nyingi ya hapo hutengenezwa: usiku, baridi ikishuka chini ya sifuri, mashine hurusha matone madogo sana ya maji kwa hewa iliyoshindiliwa, nayo huganda kabla ya kufika chini. Mama alipoelezwa hayo alitaka kujua bili ya umeme inalipwa na nani. Nilimjibu kwamba tunailipa sisi, imo ndani ya tiketi, na jibu hilo halikunisaidia.

Halikunisaidia zaidi jambo la maharage, niliyoyabeba mwenyewe kwa fahari kubwa. Kwenye mwinuko ule maji huchemka yakifika nyuzi 90 hivi, hayangoji 100, na maharage hayana haraka na maji ya namna hiyo. Tuliyabandika jioni, tukala mkate, tukalala, nayo yakawa bado yanagonga ndani ya sufuria. "Hata moto wa huku unaumwa," alisema mama.

Asubuhi, hata hivyo, nilikuwa mshindi. Hapakuwa na foleni ya buti, hapakuwa na foleni ya lifti, na mteremko mzima ulikuwa wetu pamoja na wageni wachache waliokuwa wamejitawanya mbalimbali. Nilimweleza mke wangu, kwa mara nyingine, ni kiasi gani tulichookoa. Lakini mteremko usio na watu hauna pa kujificha: mwendesha lifti, wahudumu wa mgahawa na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amewekewa kiti barazani na kupewa chai, walikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama, na kitu hicho kilikuwa kinang'aa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyeniita *ntate*, yaani baba, kwa heshima iliyozidi kupungua. Alitufundisha kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua visigino, ili kingo za ndani ziume theluji na kupunguza mwendo. Watoto walielewa kabla hajamaliza sentensi. Mke wangu alielewa muda mfupi baadaye. Mimi nililielewa jambo hilo kwa kichwa, na kichwa ndicho kiungo kilichokuwa mbali zaidi na skii.

Kisha tukaenda kwenye lifti ya kukokota, ambayo si kiti bali ni fimbo inayoning'inia kwenye kebo, yenye kipande cha kulaza kinachowasukuma watu wawili kwa nyuma ya mapaja wakiwa wamesimama. Mwalimu alisema nisikalie. Mwili wa mtu aliyechoka, ukiguswa nyuma ya mapaja, hukaa wenyewe. Mke wangu aliendelea kupanda peke yake bila kugeuka nyuma, na mwendesha lifti akaisimamisha mashine kwa ajili yangu. Nami nikasimama, nikajipangusa, nikapanda kwa fimbo iliyofuata.

Juu kabisa nilianza vizuri. Nilitanua visigino, nikashuka taratibu, nikapata hata nafasi ya kuitazama milima. Halafu skii zikakubaliana kulala sambamba, mwendo ukakua, skii moja ikapanda juu ya nyenzake, nami nikaenda chini.

Vifungio vya skii vimetengenezwa viuachie mguu unapopindwa kwa nguvu, ili ing'oke skii badala ya goti. Skii ikishang'oka, vijiti viwili vyenye springi hujifyatua chini yake na kuchoma theluji, isije ikateremka na kumgonga mtu. Ni uhandisi mzuri sana. Skii zangu zote mbili zilisimama palepale nilipoangukia. Mimi, nikiwa ndani ya nailoni juu ya theluji iliyogandamana, niliendelea na safari kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu.

Nilimpita mke wangu, aliyekuwa wima. "Unakwenda wapi?" aliniuliza, nami sikuwa na jibu la uhakika. Niliwapita watoto, walioshangilia. Mwalimu alipiga kelele nichomeke visigino vya buti, lakini wakati huo nilikuwa nimeshageuka na kutangulia kichwa, kifudifudi, na hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya baraza, uso kwa uso na mama mkwe. Malezi ni malezi, na mkwe hapitwi kimyakimya.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akiigeuza shingo taratibu kufuata ninakoelekea.

Wavu wa usalama ulinipokea bila kunijeruhi. Wahudumu wawili walinitoa, wa tatu akaniletea skii zangu akiwa amezibeba begani, kavu na safi, na kunihakikishia kwamba hazikupata tatizo lolote. Mke wangu alipofika alishauri nipumzike, ninywe chai na mama yake. Nilitazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu, na tiketi ya lifti ilikuwa imelipiwa hadi saa kumi, kwa hiyo nilifunga buti nikarudi kwenye fimbo. Mama alimwomba Neema amgeuzie kiti kidogo upande wa kushoto, kwa sababu jua lilikuwa linamzuia kuona vizuri.