Kadi mbili za Jordan, bei moja

Mwishoni mwa Januari 2021, kampuni ya minada ya Goldin ya Marekani iliuza kadi mbili za kukusanywa zenye picha ya Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu, zilizotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986. Kila moja ilikuwa ndani ya kasha la plastiki la PSA, kampuni inayopima uhalisi na hali ya kadi, lebo ikionyesha daraja la 10, ambalo ni la juu kabisa. Ya kwanza ilipata dola 738,000. Ya pili nayo ikapata dola 738,000.

Wengi walishangazwa na ukubwa wa bei. Mimi kilichonikaa kichwani ni kulingana kwake. Hizi ni karatasi mbili mbalimbali, zilizotoka katika pakiti mbili mbalimbali miaka 35 nyuma na kupita mikono isiyojuana. Zitoe kwenye makasha, uziweke mezani chini ya kioo cha kukuza, na mtu mwenye jicho zuri ataona tofauti: pembe, kingo, wino, upana wa mpaka kushoto na kulia. Mnadani tofauti hizo hazikuhesabiwa hata dola moja. Kasha lilikwisha kuzifanya kuwa kitu kimoja, kama noti mbili za shilingi elfu kumi zinavyokuwa kitu kimoja, hata kama moja imekunjwa zaidi.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wa wakusanyaji wa kadi. Kundi moja linasema biashara hii imeacha kuuza kadi, sasa inauza plastiki na namba. Kundi la pili linasema bila kasha hakuna soko la kweli. Nakiri mapema kwamba naegemea kundi la pili, kwa sababu naona hoja yake husemwa vibaya, mara nyingi na watetezi wake wenyewe wanaozungumzia faida tu.

Walalamikaji wana ushahidi mzito. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, mwaka 1991, ilikuwa ile maarufu ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya mfululizo wa T206, iliyopewa daraja la 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo kwa kuikata. Kadi iliyokatwa haistahili daraja lolote la namba. Kwa hiyo msingi wenyewe wa jengo una ufa.

Kuna na suala la ada. PSA hutoza kulingana na thamani ya kadi: thamani ikipanda, ada nayo hupanda. Mpimaji anayelipwa zaidi kadi inapokuwa ghali ana mgongano wa maslahi hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Kisha kuna wanaovunja makasha. Mtu ana kadi ya daraja la 9, anaipasua plastiki, anaituma tena, na safari hii inarudi na 10. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni jicho la mpimaji siku hiyo, na pengine bei ikazidi mara kadhaa.

Sina haja ya kulipamba hilo. Tofauti ya 9 na 10 ni maoni ya mtu, na anayelipa mara tano au kumi zaidi kwa ajili ya hiyo namba moja ananunua maoni. Hata upimaji wa mpaka, ambao ungetegemewa kuwa hesabu tupu, una ulegevu wake: sura ya mbele hudaiwa ikaribie usawa, ilhali mgongo huachiwa upotoke sana, kadi bado ikaitwa 10.

Lakini kasha hujibu maswali matatu kwa pamoja, na namba ni jibu la swali la mwisho tu. La kwanza ni hili: kadi hii ni ya kweli? La pili: imekatwa, imepakwa rangi, imesafishwa? Ndipo lije la tatu: hali yake ikoje? Wanaosema tunanunua plastiki hulitazama la tatu na kuyapita mawili ya kwanza, ambayo ndiyo yanayobeba uzito.

Fikiria hali ilivyokuwa kabla. Mwaka 1991 mkusanyaji mmoja alinunua kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, kwa dola 50,000 kutoka kwa Alan Rosen, muuzaji aliyejulikana sana enzi hizo. Dhamana ilikuwa neno la Rosen kwamba hiyo ndiyo Mantle bora kuliko zote duniani. Miongo mitatu baadaye kadi hiyohiyo, sasa ikiwa ndani ya kasha la SGC, kampuni nyingine ya kupima kadi, lenye daraja la 9.5, iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Rosen hakukosea. Lakini mnunuzi alipaswa kumjua Rosen, kufika alipo, na kuwa na fedha za kumfanya asikilizwe. Mtu mwenye dola 200 katika mji wa mbali alikuwa na nini? Picha hafifu na maneno ya mtu asiyemjua.

Mchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui. Basi mnunuzi anateremsha bei ya kila gari ili ajilinde, na mwenye gari zuri anaona heri abaki nalo. Yeyote aliyeagiza gari kutoka Japani anaelewa haraka. Gari hulioni mpaka lishuke Dar es Salaam au Mombasa, ila unatuma pesa kwa sababu kuna karatasi ya mnada yenye daraja lake, 4.5 au 3, na alama za kila mkwaruzo. Hakuna anayesema ananunua karatasi. Kasha la kadi linafanya kazi hiyohiyo, na anayelihitaji zaidi ni mnunuzi mdogo asiye na jicho la kitaalamu wala rafiki muuzaji.

Nirudi kwa Jordan. Haikupita miaka miwili kadi za aina ile zikawa zinauzwa chini ya dola 250,000. Makasha ni yaleyale, 10 ni ileile. Wengi walilitwika kasha lawama ya anguko hilo, nami naona lawama imekwenda mahali pasipo pake, ingawa si mbali sana. Kasha halikuamua bei iwe 738,000. Hilo lilifanywa na fedha nyingi na pupa ya wakati ule. Kilichofanywa na kasha ni kuziunganisha zaidi ya kadi 300 za daraja hilo kwa kamba moja. Moja ikiuzwa ghali leo, zote zimepanda usiku huo. Moja ikiuzwa rahisi, zote zimeshuka, hata iliyofungiwa sandukuni na mtu asiyekusudia kuuza. Kadi isiyo na kasha haina kamba hiyo: bei yake ni mapatano ya watu wawili.

Kwa hiyo swali la kiasi gani kasha huongeza thamani halina jibu moja. Kwa Wagner, ambaye kadi zake zinazojulikana ni kama 60 tu, namba inafifia: moja ya daraja la 2 la SGC ilipata dola milioni 7.25 mwaka 2022. Watu walitaka kujua ni ya kweli, basi. Kwa kadi mpya inayochapwa kwa wingi hali ni kinyume: kadi yenyewe si adimu, adimu ni lebo ya 10, na mwaka ujao zitapimwa nyingine zaidi. Hapo nakubaliana na walalamikaji karibu kabisa.

Hoja yao ya mwisho ni kwamba makampuni hukosea na wanaoumia ni wanunuzi. Ni kweli. Kadi za majaribio za mchezo wa Pokémon, zilizodaiwa kuwa za miaka ya 1990, zilipita mikononi mwa CGC, kampuni nyingine ya upimaji, na kupewa makasha. Mapema mwaka 2025 wakusanyaji wakagundua juu yake vitone vya njano visivyoonekana kwa macho, alama ambazo printa huacha, na vikaonyesha kwamba nyingi zilichapwa mwaka 2024. Ila tazama walivyogundua. Kadi zilikuwa na namba za usajili na picha kali zilizohifadhiwa, kila moja ikitambulika. Ni vivyo hivyo mwaka 2019, wakusanyaji walipolinganisha picha za minada ya zamani na kadi zilezile zilizorudi na madaraja ya juu baada ya kukatwa. Namba ya kasha ndiyo iliyowawezesha kusema ni kadi ipi, iliuzwa lini, na sasa iko wapi. Ghushi iliyouzwa mkononi bila kasha ingekuwa imeshatokomea.