Beda Amuli aliiachia nini Dar es Salaam?

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, mjadala ulikuwa wa mali iliyoteketea na nani awajibike. Beda Amuli, msanifu aliyelichora soko hilo, alitajwa kwa nadra. Akitajwa, kwa kawaida ni kwa sifa moja tu: msanifu majengo wa kwanza Mwafrika kujijengea jina nchini. Sifa hiyo anastahili, ila inatuzuia kuuliza kama kazi yake iliubadilisha mji.

Amuli ni wa kizazi kilichosomeshwa ng'ambo miaka ya mwanzo ya uhuru. Alisomea Technion, chuo kikuu cha teknolojia kilichoko Haifa, Israeli, wakati Tanganyika na Israeli zilikuwa na urafiki mkubwa wa kikazi, na aliporudi alifanya kazi na kampuni ya wasanifu wa Kiisraeli iitwayo Zevet. Baadaye akafungua ofisi yake, miongoni mwa za kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Afrika Mashariki. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ndiyo kazi iliyompa jina.

Wanaomsifu huanzia kwenye paa, na wana haki. Nguzo zinapanda kisha zinachanua kuwa miamvuli mikubwa ya zege, kila mmoja ukiwa umepinduliwa kama faneli. Mvua inakusanyika katikati na kuteremka hadi kwenye matangi yaliyo chini ya jengo. Hewa inapita kati ya miamvuli, mwanga unaingia bila jua kuchoma nyanya za watu. Amuli alieleza kwamba alitaka soko liwe kama mnada wa kijijini, watu wakiuza chini ya vivuli vya miti. Kwa mji wenye joto na unyevu wa Dar, hilo ni wazo la mtu aliyefikiri sawasawa.

Wapo wanaosema hadithi ya miti ni pambo. Zege la maumbo ya namna ile lilikuwa likijengwa Mexico, Israeli na kwingineko, na Amuli alilijifunzia Haifa. Ni kweli, lakini sioni kwa nini iwe kasoro. Fundi hapimwi kwa alikonunulia msumeno. Isitoshe, kivuli na hewa havikuanza na Amuli: Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar mwenye asili ya Goa aliyesomea Bombay, alikuwa akijenga mjini humo tangu miaka ya 1950 kwa kuzingatia jua na upepo. Anayemfanya Amuli chanzo cha kila kitu anamkosea Almeida.

Hoja nzito zaidi iko chini ya ardhi. Soko lilipangwa kwa ngazi: biashara ya jumla shimoni, rejareja juu yake. Kwenye karatasi mpango huo ni safi, magari ya mzigo hayagongani na wanunuzi. Lakini mchuuzi wa Kariakoo anaishi kwa macho ya mpita njia, na mteja mwenye haraka hashuki ngazi kutafuta vitunguu anavyoviona kando ya barabara. Hapo nadhani mchoro ulimwamini mteja kupita kiasi. Shimo lilihitaji taa na usafi wa kila siku, na jengo linalotegemea matunzo ya namna hiyo linakuwa mateka wa anayelisimamia.

Msongamano wa soko, hata hivyo, haumhusu Amuli. Sensa ya 1967 iliikuta Dar ikiwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 imekuta zaidi ya milioni tano. Hakuna soko moja ambalo lingebeba ongezeko hilo, na vizimba vilivyojazana, meza za machinga na bidhaa hadi katikati ya barabara ni matokeo ya mji uliokosa masoko mengine ya kutosha.

Ugumu wangu ni pale tunaposema Amuli "aliathiri" Dar. Tazama mitaa inayolizunguka soko. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na ua nyuma zimebomolewa, na mahali pake yamepanda maghorofa yaliyobanana, mengine yakiwa na vioo vinavyopokea jua kutwa nzima halafu umeme ukachomwa kupoza vyumba. Jengo moja la huko Kariakoo liliporomoka Novemba 2024 na kuua watu. Kama Amuli angekuwa na wafuasi, tungewaona hapo, hatua chache tu kutoka kwenye paa lake.

Sababu si uvivu wa wasanifu waliomfuata. Azimio la Arusha la 1967, kisha sheria ya 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha, viliifanya serikali na mashirika yake kuwa karibu wateja pekee wa majengo makubwa. Mteja wa aina hiyo angeweza kulipia paa lisilokodishwa kwa mita ya mraba. Mwaka 1973 ukaja uamuzi wa kuhamia Dodoma, na uchumi ukayumba. Ujenzi uliporudi kwa kasi, mteja alikuwa mfanyabiashara anayehesabu vyumba vya maduka, na kwa hesabu yake faneli ya zege ni nafasi iliyopotea. Siwezi kumlaumu sana, mradi sheria za ujenzi hazimdai kivuli wala hewa.

Baada ya moto serikali ilichagua kulikarabati soko kuu na kujenga jengo jipya la ghorofa kando yake, kwa zaidi ya shilingi bilioni 28. Kulihifadhi paa ulikuwa uamuzi mzuri. Ila paa lile lilichorwa lifanye kazi, na ningependa halmashauri ilipime kama mtambo: maji ya mvua yanafika matangini na kutumika, au yanamwagika mtaani? Hewa bado inapita, au vizimba vimeiziba? Na jengo jipya la jirani lipimwe kwa maswali hayohayo, kabla mtu hajapendekeza mtaa wa kuitwa kwa jina la Amuli.