Tango Zanzibar: tatizo si miguu

Ukileta habari ya tango, ile ngoma ya jozi kutoka Argentina, kwenye baraza ya Mji Mkongwe, mtu wa kwanza atatoa simu akuonyeshe video: mwanamke wa gauni lililopasuliwa hadi pajani, mguu kaurusha kiunoni kwa mwanamme, taa nyekundu. Wa pili atasema astaghfirullah. Wa tatu, mara nyingi kijana aliyeonja salsa au kizomba kwenye hoteli za mwambao, atajibu kuwa hiyo ni sanaa tu, na kwamba UNESCO yenyewe imeitambua tango tangu 2009 kuwa ni urithi wa Argentina na Uruguay. Mzozo huishia hapo, na naona wote watatu wamegombania kitu ambacho sicho.

Kile cha kwenye video ni tango ya jukwaani. Tango ya watu wa kawaida wa Buenos Aires huchezwa kwenye mikusanyiko iitwayo milonga, na huko mguu haurushwi. Ukumbi umejaa, wengi ni watu wazima, wengine wazee kabisa, na mwenye kuinua kisigino atamjeruhi jirani. Jozi zote huzunguka ukumbi kinyume cha saa. Kumpita aliye mbele yako ni utovu wa adabu, na kumfundisha mwenzako hatua katikati ya ngoma ni utovu mkubwa zaidi.

Adabu yenyewe ndiyo inayonivutia. Kwenye milonga za kikale wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Mwanamme haendi mpaka mezani kwa mwanamke kumwomba wacheze. Humtazama kwa mbali. Mwanamke akiridhia hukutanisha macho naye, mwanamme akaashiria kwa kichwa, ndipo anapoinuka. Asiporidhia huangalia pengine. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyekataliwa, na jirani hana habari ya kupeleka. Aliyekaa meza moja na mumewe hatazamwi. Wakishakubaliana hucheza nyimbo 3 au 4 mfululizo, kwa kawaida za okestra moja, kisha hupigwa kipande kifupi cha muziki mwengine kabisa ili kila mtu aondoke uwanjani; mwanamme humrejesha mwenzake kitini na mambo yamekwisha. Ukimwambia mtu ahsante kabla nyimbo hazijamalizika, umemwambia hutaki kuendelea. Wakirudiarudia kucheza wale wale wawili, watu huanza kuhesabu.

Mzanzibari hawezi kusikia haya akajifanya mgeni. Taarab yetu, iliyoota mizizi kwenye kasri ya Sayyid Barghash na kupata klabu yake kongwe, Ikhwani Safaa, mwaka 1905, nayo imesimama juu ya mambo yasiyosemwa. Mwanamke hungoja ubeti unaomgusa, au unaomgusa mwengine aliyekaa safu ya tatu. Huinuka kwa madaha, noti kaishika juu, akaenda kumtunza mwimbaji. Ujumbe umefika na jina halikutajwa. Aliyepelekewa hana haki ya kuuliza, na akitaka kujibu angoje wimbo wake. Kwa hiyo anayesema tango ni fujo isiyo na heshima hajaijua. Ina kanuni pengine nyingi kuliko harusi zetu za siku hizi.

Lakini watetezi nao wana pale wanapopakwepa. Tango ya milonga, hiyo ya wazee waliovaa suti, kwa kipimo chetu ni nzito zaidi kuliko ile ya video. Wachezaji hukumbatiana kifua kwa kifua, mara nyingi shavu kwa shavu, na wengi hufumba macho. Bandoneoni, ndugu wa kodiani ya taarab, hulia juu ya mapenzi yaliyopotea na mtaa wa utotoni, na wale wawili ambao pengine hawajuani majina hupumua pamoja kwa dakika kumi na kitu. Wachezaji wenyewe husema ndicho kinachowarejesha kila wiki, wala si hatua. Kanuni zote nilizozieleza, macho ya mbali, nyimbo chache, kurejeshwa kitini, zimewekwa kwa sababu kukumbatiana kule kuna nguvu. Anayetwambia ni mazoezi ya viungo tu anaidharau tango kuliko anavyoidharau shekhe.

Na pingamizi la shekhe halina utata. Mwanamke na mwanamme wasio maharimu hawakumbatiani, basi. Cheti cha UNESCO hakilijibu hilo. Wala halijibiwi na hoja kwamba tango ina damu ya Kiafrika. Ni kweli inayo: watu waliopelekwa utumwani Río de la Plata, ukanda wa Buenos Aires na Uruguay, wakiwemo waliochukuliwa Msumbiji, waliacha ngoma zao kwenye misingi yake. Lakini ngoma kuwa ya babu hakuifanyi iruhusiwe. Unyago nao ni wa kwetu na una mipaka yake. Tusidhani pia kuwa sisi peke yetu ndio tulioshtuka. Mwaka 1913 Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani aliwakataza maofisa wake kuicheza wakiwa na sare, na matajiri wa Buenos Aires wenyewe waliibeza mpaka walipoona Paris imeipokea.

Ninachokikataa kwa wapinzani ni madai kwamba ngoma zetu hazichochei. Rusha roho, taarab yetu ya kisasa, imewatoa watu machozi na imewavunjia watu urafiki wa miaka. Mapigo ya tango nayo hayakuwa mageni kwenye dunia ya taarab. Mohammed Abdel Wahab aliyatia kwenye nyimbo zake za filamu huko Cairo, na nyimbo za Cairo ndizo zilizokuwa darsa la wanamuziki wa Unguja kwa santuri, redio na sinema. Tulichukua sauti, tukaacha kukumbatiana, na hakuna aliyeona tumepungukiwa.

Kuna wanaotaka tufanye vivyo hivyo sasa: tuchukue adabu ya macho na viti, tuache kifua. Sioni ikiwezekana. Ukiondoa kukumbatiana, kanuni zile zinabaki kulinda nini? Kinachonitia hofu zaidi ni njia ya hoteli, ambayo ndiyo rahisi: jozi ya kukodiwa itarusha miguu mbele ya wageni wanaokula kamba, tupate ile ile ya video bila hata kanuni moja. Taarab ya kukatwakatwa ili ilingane na chakula cha usiku tunayo tayari.

Mume na mke wakitaka kujifunza nyumbani kwao, sioni wa kuwaingilia. Zaidi ya hapo, nafasi ninayoiona ina maana Zanzibar ni ya wanawake kwa wanawake. Hata Buenos Aires, zamani, wanaume walifanya mazoezi wao kwa wao muda mrefu kabla ya kuthubutu kuingia uwanjani na mwanamke. Na wanawake wa hapa wana desturi ya kukusanyika peke yao, mlango umefungwa, simu zimewekwa pembeni, wakacheza kidumbak mpaka usiku mkubwa. Anayelipinga hilo itabidi alete hoja mpya, maana ya maharimu haitamfaa. Mwalimu awe mwanamke. Na kwa kuwa tango humtaka mmoja aongoze na mwengine afuate, kila mmoja atalazimika kujifunza pande zote mbili, kazi ambayo wanaume wengi wa milonga hawajawahi kuifanya.